Koti Linaloonekana Kutoka Abuku

Kwa miaka mingi niliendesha pikipiki nikiwa nimevaa nyeusi tupu. Koti jeusi la ngozi, helmeti nyeusi, viatu vyeusi, na pikipiki yenyewe nyeusi isipokuwa pale kwenye tangi palipochubuka. Nilijiona mtanashati kweli kweli. Mke wangu alikuwa akisema nafanana na mtu anayekwenda kuiba kuku, lakini yeye hajawahi kunisifia hata siku ya harusi, kwa hiyo nilimpuuza.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Nilizaliwa Onduparaka, pale Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikaoa Koboko na kuhamia huko, na maisha yangu yamekuwa ni kwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili. Jumatatu naenda Arua kutafuta vipuri. Jumanne na Alhamisi naingia Abuku, vijijini nje ya Koboko, ambako kina mama wa kikundi kimoja cha ushonaji wana vyerehani vinane, na haipiti wiki bila vitatu kugoma. Siku zilizobaki nazunguka Koboko mjini. Nyuma ya pikipiki nimefunga boksi la bati lenye bisibisi, mikanda, bobini, sindano na chupa ya oili isiyofunga vizuri. Mimi si mtu wa mwendo wa kasi. Naendesha kama fundi, nasikiliza kila kitu kinacholia.

Siku niliyogongwa ilikuwa jioni, Arua mjini, mvua imetoka tu kunyesha. Jamaa wa boda aliyebeba magodoro mawili pamoja na mwenye magodoro alikata kona bila kuwasha indiketa, akaniingia ubavuni. Nikaruka. Nikatua ndani ya beseni la dagaa la mama mmoja aliyekuwa anafunga biashara. Mwenye magodoro aliangukia magodoro yake, akainuka bila hata shati kujikunja. Yule dereva akaja mbio, mikono kichwani, akilia, "Mzee, mimi hapana ona wewe! Haki, hapana ona!" Mwenye magodoro naye akasema hakuniona. Mama wa dagaa akasema hakuniona, na wakati huo nilikuwa bado nimelala ndani ya beseni lake.

Taa ya mbele ilikuwa imepasuka, kwa hiyo nililala kwa mama yangu Onduparaka. Kesho yake nikarudi Koboko, goti limechubuka na mwili mzima unanuka samaki. Paka wa jirani alinisindikiza mpaka mlangoni. Mke wangu alinitazama kuanzia helmeti mpaka viatu. Nikaona nianze mimi.

"Ajali haina kinga," nikamwambia.

"Iko na kinga," akajibu. "Inaitwa koti. Si hiyo ya mwizi ya kuku. Koti ya mutu anataka kurudi nyumbani."

Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa pikipiki, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake kwa mafundo mawili. Akasema utatoka humo siku nitakapoonekana. Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku nne nilitembea kwa miguu Koboko nzima nimebeba boksi la bati begani, na wateja wakaanza kuniuliza kama pikipiki imekamatwa. Siku ya tano nikapanda gari kwenda Arua kushonesha koti.

Mshonaji wangu ana meza sokoni Arua, na ni bingwa wa magomesi, yale mavazi ya heshima yenye mshipi na mabega yaliyochongoka. Namjua tangu cherehani chake kilipokuwa kipya. Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni, akatoa kitambaa cha njano inayoumiza macho na kipande cha rangi ya chungwa, kisha akachomoa chini ya meza fulana mbili zilizochakaa za watu wa barabara, akazifumua zile riflekta zake za kung'aa. Mpaka hapo nilikuwa naona kazi ya mtu mwenye akili.

Niliporudi jioni kuchukua koti nilikuta limeota mabega. Nasema mabega. Alikuwa ameweka mabega ya gomesi, yamesimama wima, kila moja limezungushiwa riflekta mara tatu.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Mbele mutu anakuona. Nyuma mutu anakuona," akasema. "Ubavuni je? Si ubavuni ndiyo ulipigwa? Bega ndiyo itaongea huko ubavuni."

Nikalivaa, soko likapasuka kwa kicheko kuanzia kwa wauza nyanya mpaka kwa wachonga funguo. Onduparaka, nilikokwenda kulala kwa mama, ilikuwa mbaya zaidi. Pale kwetu watu wanaishi kwa mpira, na rangi si jambo la mchezo. Vijana wa mtaani walinizunguka wakilikagua koti pande zote, kuhakikisha si rangi ya timu yoyote iliyowahi kutufunga. Waliporidhika, mmoja akaniambia naweza kupita, ila siku ya mechi nisikae nyuma ya goli, nitamchanganya kipa.

Lakini lazima niseme ukweli, koti lilifanya kazi. Mke wangu alilizunguka mara moja, akafungua fundo, akanipa ufunguo. Barabarani malori yaliyozoea kunisukuma majanini sasa yalinipisha. Madereva waliwasha taa kunisalimia. Kwenye kizuizi cha polisi walinipungia mkono nipite, wakidhani mimi ni mtu wa serikali. Wazee wawili walinisimamisha njiani kuniuliza lami itafika kwao lini. Mmoja alikasirika kabisa niliposema sijui, akasema ndivyo tulivyo, tunakula tu.

Sasa inabidi nieleze jambo la mama mkwe. Kwa watu wa mke wangu, ambao ni Wakakwa, na hata kwetu Walugbara, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Si ugomvi, ni heshima. Watu wengi wa siku hizi wamelegeza. Utawakuta mjini wanapigiana simu na kutaniana. Mama mkwe wangu hajalegeza hata uzi mmoja. Katika miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa nimemwona mgongo, kisigino, na siku moja kiwiko. Uso wake nilikuwa siujui. Salamu zetu zilipitia kwa mtu wa tatu, hata pale tulipotenganishwa na ukuta wa udongo tu na kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri.

Na shamba lake liko Abuku, kando kabisa ya barabara ya murramu, ule udongo mwekundu, ninayopita Jumanne na Alhamisi. Ukitokea Koboko unapanda kilima, halafu barabara inateremka moja kwa moja mpaka kwenye shamba lake, inapita, kisha inapanda kilima kingine kuelekea kwa wale kina mama wa vyerehani. Zamani haikuwa tabu. Nilikuwa pikipiki moja nyeusi kati ya pikipiki nyingi, na yeye alikuwa na haki ya kutojua kama ni mimi. Kutojua ni nusu ya adabu. Angeendelea kulima, mimi ningepita, kila mtu na heshima zake.

Siku ya kwanza nilipotokea kileleni na koti langu, jua la asubuhi likiwa mbele yangu, niliona kule chini mtu akinyanyua kichwa. Akasimama kidogo. Halafu akatupa jembe na kuingia kwenye muhogo kwa mbio ambazo sikutegemea kwa mtu wa umri ule. Majani yakatikisika, yakatulia. Nilipita nimegeuza uso upande wa pili kwa adabu, nusura niingie mtaroni. Jioni wakati wa kurudi, hivyo hivyo. Safari hii aliacha ndoo barabarani, nikaikwepa.

Nilijisikia vibaya, lakini nikajiambia ni mara mbili tu kwa wiki, atazoea. Na pengine angezoea, kama si watu wa stegi, yaani kituo cha bodaboda.

Pale Koboko boda wa stegi moja karibu na soko walikuwa wakinicheka kila asubuhi. Walinicheka mwezi mzima. Kisha mwenzao mmoja akagongwa, akavunjika mkono, na yule aliyemgonga akasema maneno yaleyale, kwamba hakumwona. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa stegi alikuja kwangu, hakucheka, akaniuliza koti nilishonesha wapi. Nilifurahi. Nilimwelekeza mpaka meza ya mshonaji wangu, Arua. Kumi na wawili walishonesha, na wote walitaka kama langu, kwa sababu mshonaji aliwaeleza habari ya ubavu. Ukipita Koboko siku zile ungekuta wanaume kumi na wawili wamekaa juu ya pikipiki wakisubiri abiria, mabega yamechongoka, kama wamama wanaosubiri kuingia harusini.

Na boda hawa abiria wao wengi walikuwa wa Abuku. Siku ya soko walipanda na kushuka kile kilima tangu alfajiri.

Sikujua chochote mpaka Jumapili moja shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alipokuja nyumbani. Alikuwa amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, na nilipomwona hivyo nikajua si matembezi. Mke wangu alikuwa sokoni. Shemeji alikataa chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu.

"Shemeji, mimi natumwa," akaanza. "Mama iko nakimbia. Asubuhi nakimbia, saa sita nakimbia, jioni nakimbia. Maharagwe imekauka kwa shamba. Soko ya juzi yeye naingia muhogo asubuhi, natoka jua nazama. Juu ya watu kumi na mbili, na ndani yao hapana hata mukwe moja!"

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikameza.

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Ukifika kalvati, toa koti. Ukirudi kalvati, vaa. Ni hiyo tu. Heshima ya mama."

Kalvati, lile bomba la maji linalopita chini ya barabara, liko pale chini kabla ya kilima cha kwanza. Kutoka hapo mpaka kwa wale kina mama ni safari fupi, murramu tupu, malori ya mchanga yanashuka na kupanda siku nzima. Nilimwambia shemeji kwamba mke wangu hatakubali. Akasema mke wangu ni mtoto wa yule mama, na mimi ni mkwe, na kuna mambo mkwe hamuulizi mkewe. Hapo alinishika. Nikakubali, na baya zaidi, nikakubali kwa siri.

Kwa hiyo hali ikawa hivi. Nikivaa koti, namdhalilisha mama wa watu shambani kwake. Nikivua, ipo siku lori litanipitia na mke wangu atabaki na boksi la bati. Nilichagua adabu. Kila nilipofika kwenye kalvati nilisimama, nikavua koti, nikalikunja mabega kwa taabu, nikalibana kwenye boksi pamoja na bisibisi. Nikaendelea na shati langu la kaki, nikiwa na wasiwasi kila niliposikia injini. Jioni mke wangu alinipokea nikiwa njano tupu, akanisifu kwa watoto. "Muangalie baba yenu, mutu anasikia." Nilikuwa nakula ugali wangu kimya kimya. Kumdanganya mtu anayekusifia ni kazi ngumu kuliko kumdanganya anayekugombeza.

Wiki mbili zilipita hivyo. Alhamisi ya wiki ya tatu ilikuwa kiangazi kikali, saa nne asubuhi, upepo unavuma vumbi mpaka kwenye meno. Nilivua koti kwenye kalvati kama kawaida. Kwa vumbi lile, shati langu na barabara vilikuwa rangi moja. Nikapanda kilima, nikaanza kuteremka nyuma ya lori la mchanga, mbali nalo, nikiwa nimewasha taa ingawa taa yenyewe ilikuwa na vumbi. Sikuona mbele. Na yule wa mbele hakuniona.

Ninamsema dereva wa lori la pili, lililokuwa linapanda. Alikwepa shimo, akaja upande wangu. Hakupiga honi kwa sababu hakukuwa na cha kupigia honi, kwake palikuwa na vumbi tu. Nililiona bampa likitokea kwenye ule wekundu, kubwa, karibu, na sikufikiria kitu chochote cha maana. Nilifikiria kwamba boksi halijafungwa vizuri. Kisha mikono yangu yenyewe ikapinda usukani, nikavuka mtaro, nikapita katikati ya magugu, pikipiki ikaenda kulia na mimi kushoto. Helmeti iligonga kichuguu. Kichuguu ndicho kilichovunjika, helmeti ikanichomoka. Nikabingirika, nikaishia uso ndani ya kitu laini.

Kilikuwa ungo wa ufuta.

Niliinua kichwa. Kwa kuwa sikuwa na koti, mwenye ungo hakuwa na sababu ya kukimbia. Alikuwa amekaa chini na miguu yake imenyooka, anapepeta ufuta wake kwa amani, na sasa mkwe wake alikuwa amepiga magoti mbele yake, uso wenye jasho umejaa ufuta kama andazi. Tukatazamana. Uso wa mviringo, chale ndogo kwenye paji, na macho ya mke wangu yaleyale, yale ya kufunga ufunguo kwenye kitenge. Tulitazamana kwa muda mrefu kupita kiasi kwa sababu hakuna aliyejua aanze kuaibika kwa upande gani.

Halafu tukapiga kelele wote wawili, tukageuziana migongo.

Lori lilikuwa limekwenda zake, nadhani dereva mpaka leo hajui. Vumbi likatua polepole. Nilikaa chini nimeupa mgongo mgongo wake, hatua mbili hivi kati yetu, nimeshika goti lililogonga chini. Nikamsikia anapumua kwa nguvu. Palikuwa na mbuzi mmoja amefungwa kwenye kigingi, anatutazama.

"Mbuzi," akasema mama mkwe.

Nilidhani amepata mshtuko.

"Mbuzi, uliza huyo mutu kama mugu yake iko nzima."

Nikaelewa. Hatuwezi kuzungumza bila mtu wa tatu, na wa tatu pale alikuwa huyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, alikokaa ujana wake wote akiwa mke wa askari, na sauti yake ilikuwa imara kuliko yangu.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama mguu mzima. Ni goti tu."

"Mbuzi, na kichwa?"

"Mbuzi, mwambie mama kichwa kizima. Kina ufuta."

"Mbuzi, hiyo ufuta tutaongea siku ingine."

Mbuzi alinyoosha kamba yake mpaka mwisho, akaanza kulamba ufuta kwenye sikio langu. Sikuthubutu kumfukuza, maana ndiye aliyekuwa anabeba mazungumzo. Kisha mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini zaidi.

"Mbuzi, ile koti iko wapi? Ile ya njano."

"Mbuzi, mwambie mama liko kwenye boksi. Nalivua kule kwenye kalvati."

"Mbuzi! Nani alisema atoe?"

"Mbuzi, mwambie mama... ni yeye. Alimtuma shemeji."

Nilimsikia akipiga mapaja yake.

"Mimi nilituma yule kijana kwa stegi!" akasema, na nadhani alimsahau mbuzi. "Kwa wale kumi na mbili! Wao ndiyo watoe, wanachanganya macho yangu. Yeye aliogopa watu kumi na mbili, akaona moja nyumbani iko rahisi. Ah! Mutoto gani huyu!"

Nilianza kucheka, mwili mzima, kicheko cha mtu aliyetoka kukoswa na lori. Yeye hakucheka. Alingoja nimalize.

"Mbuzi," akasema, sasa polepole, "ambia huyo mutu. Bwana yangu alikuwa askari. Alitoka jeshi, lakini koti ya jeshi hapana toa. Ile ya majani-majani. Alipenda sana. Jioni moja alitoka na baiskeli pale kisimani. Dereva yule alilia kama mutoto. Alisema, mama, mimi hapana ona mutu. Mimi naona majani tu."

Baba mkwe sikuwahi kumkuta. Mke wangu aliniambia tu kwamba alikufa barabarani, na mimi sikuuliza zaidi, kwa sababu niliona hapendi. Nilikaa pale na ufuta wangu nikiona aibu kubwa, aibu ya kweli, si ile ya kutazamana. Nilimkumbuka mke wangu akiukaza ufunguo ule kwa mafundo mawili, na mimi nacheka.

"Mbuzi, mwambie mama nimesikia," nikasema.

"Bado sijamaliza. Mbuzi, ambia yeye, mimi naingia muhogo, ndiyo. Adabu ni adabu. Lakini ndani ya muhogo jicho hapana fungwa. Asubuhi naona njano nakwenda. Jioni naona njano narudi. Nasema basi, mutoto yangu iko na bwana leo. Naenda pika. Sasa wiki mbili njano ni ya stegi tu, ile ya boksi ya bati hapana pita. Nauliza, naambiwa iko mzima, iko nafanya kazi. Mimi hapana amini. Wiki mbili, usiku mimi hapana lala."

Nilimpapasa mbuzi shingoni.

"Basi," akasema. "Mbuzi, ambia yeye avae. Na Jumanne alete jogoo, juu ya haya macho tulitazamana. Jogoo mukubwa. Tulitazamana sana."

Niliinuka, nikavaa helmeti, nikaichukua pikipiki. Kioo kimoja kilikuwa kimekatika na usukani umepinda kidogo, mengine salama. Nilitoa koti kwenye boksi nikiwa bado nimempa mgongo. Chupa ya oili ilikuwa imelivujia ubavuni, na bega moja lilikuwa limelala. Nikalinyoosha kwa mkono mpaka likasimama, nikalivaa, nikafunga zipu mpaka juu. Nyuma yangu nilisikia anainuka, anakung'uta nguo, anasema na mbuzi mambo yao wenyewe. Kisha majani ya muhogo yakatikisika.

Nikawasha pikipiki, nikaingia barabarani. Mbele yangu kilima cha pili kilikuwa wazi, hakuna lori, vumbi limekwisha kutulia. Sikugeuka nyuma, maana adabu ni adabu. Lakini nilikipanda kile kilima chote kwa gia ya kwanza, pikipiki ikilalamika, nimekaa wima katika upande wangu wa barabara, taratibu kabisa, ili aone mpaka achoke.